Sheria Iliyovuka Bahari: Kutoka Calcutta hadi Mtwapa

Tarehe 6 Oktoba 1860, mjini Calcutta, Baraza la Kutunga Sheria la India lilipitisha Kanuni ya Adhabu iliyokuwa imekaa rafuni zaidi ya miaka 20. Rasimu yake ya kwanza ilikamilishwa mwaka 1837 na tume iliyoongozwa na Thomas Babington Macaulay, Mwingereza aliyeamini kwamba Wahindi walihitaji kutawaliwa kwa sheria moja iliyofikiriwa Kiingereza. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 377, kilichoadhibu tendo la kimwili lililoitwa kinyume cha maumbile kwa kifungo cha hadi miaka 10, au cha maisha. Waliotungiwa sheria hiyo hawakuulizwa.

Wakati huo Malindi ilikuwa mahame. Mji uliompokea Vasco da Gama mwezi Aprili 1498 na kumpa rubani wa kumfikisha Calicut ulikuwa umepoteza watawala wake waliohamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, na msitu ulikuwa umeyafunika majumba. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar akaufufua. Alituma askari na walowezi, na kwa mikono ya watumwa yakalimwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolisha Zanzibar na Arabuni. Sehemu kubwa ya mikopo iliyoendesha biashara hiyo ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi.

Sheria na mji vilipata uhai karibu wakati mmoja, kimoja huku na kingine kule katika Bahari ya Hindi. Historia hii ni ya jinsi vilivyokutana, na ya watu walioumizwa na makutano hayo: wanaume wanaowapenda wanaume, wanawake wanaowapenda wanawake, na wale ambao jinsia waliyoandikiwa wakati wa kuzaliwa si ile wanayoijua nafsini mwao. Naisimulia kwa sababu moja. Kutoka Mtwapa hadi Malindi husemwa kwamba watu hawa ni tabia ya kigeni, na kwamba sheria inayowaadhibu ni ngao ya mila zetu. Kumbukumbu zilizopo zasema kinyume chake. Watu walikuwepo. Kilichokuja na meli ni sheria.

Mwambao kabla ya kifungu

Chini ya masultani wa Zanzibar, Malindi na Takaungu zilitawaliwa na maliwali, na mashauri ya watu yalikatwa na makadhi kwa sharia ya Kiislamu. Haifai kuupamba wakati huo. Ulikuwa wakati wa utumwa, na uhuru wa kupenda ulikuwa wa wenye nguvu kwanza. Dini nayo ilikuwa na msimamo wake: wanazuoni wa mwambao walifundisha kwamba tendo la wanaume wawili ni haramu, na wengi wao wanafundisha hivyo mpaka leo.

Lakini fundisho hilo halikusimama peke yake. Lilifuatana na lingine lenye uzito uleule, la kumsitiri mja. Sura ya Al-Hujurat inawakataza waumini kupelelezana na kusengenyana. Sharia iliweka masharti magumu ya ushahidi katika makosa ya zinaa, na iliyahesabu yanayotendeka ndani ya nyumba ya mtu kuwa kati yake na Mola wake. Watu wa mwambao waliishi baina ya mafundisho hayo mawili. Walijua, wakanyamaza. Walicheka pembeni, wakamwalika mtu yuleyule harusini.

Ushahidi wa maandishi si haba. Mwaka 1899 Michael Haberlandt, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Vienna, alichapisha makala kuhusu watu wa Zanzibar waliovutiwa na jinsia yao, wanaume na wanawake. Alitumia lugha ya dharau iliyokuwa desturi ya wataalamu wa Ulaya wakati ule, lakini alichokiandika kinatosha kuthibitisha kwamba watu hao hawakungoja watalii wa Malindi ndipo wazaliwe. Mwaka 1987 mtafiti Mwingereza Gill Shepherd alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Mombasa. Alieleza habari za wanaume na wanawake waliojulikana mitaani kwa mapenzi yao na ambao hawakufukuzwa katika koo zao. Aliona kwamba katika jamii ya Waswahili cheo, mali na nasaba vilipima heshima ya mtu kuliko jambo la nani analala na nani. Wako wanawake wenye uwezo waliowatunza wapenzi wao maskini, na wako mashoga waliopiga ngoma katika sherehe za harusi, wakaingia upande wa wanawake ambako mwanamume mwingine hakuthubutu kutia mguu. Mwaka 1998 Deborah Amory, Mmarekani, aliandika mambo yanayokaribiana na hayo.

Tusiseme hiyo ilikuwa pepo. Shoga maskini alitegemea fadhila za mwenye mali, na mwanamke aliyempenda mwanamke mwenzake aliolewa kwanza kwa kuridhisha wazazi. Kejeli zilikuwepo, na kipigo pia. Ila umati wa kumchoma mtu kwa sababu ya mapenzi yake si sehemu ya picha waliyoichora watafiti hao. Jambo hilo lina historia yake, nayo imeanza karibuni.

Njia ya Bombay

Kifungu cha 377 kilikuja mwambao kwa njia ileile ya vitambaa, mchele na rupia. Tangu miaka ya 1860, raia wa Uingereza waliokuwa Zanzibar, na wengi wao walikuwa Wahindi, walishtakiwa mbele ya konseli wa Uingereza, na rufaa zao zikaenda kusikilizwa Bombay. Mwaka 1887 Sultani Barghash aliikodisha pwani ya bara kwa Waingereza, na mwaka uliofuata kampuni yao ya Afrika Mashariki ikapata hati ya kifalme. Kampuni ilipofilisika, serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi mwaka 1895 na kuifanya himaya. Ukanda wa maili 10, wenye Mtwapa, Kilifi na Malindi ndani yake, ulibaki mali ya Sultani kwa jina, na bendera yake ikaendelea kupepea.

Kwa amri ya Malkia Victoria ya mwaka 1897, Waingereza hawakuona haja ya kutunga sheria mpya za nchi hii. Walichukua zile zilizokwisha kutumika India: ya ushahidi, ya mwenendo wa mashtaka, na Kanuni ya Adhabu ya 1860. Hakimu aliyekaa Malindi alifungua kitabu kilekile kilichofunguliwa na mwenzake wa Surat. Makadhi waliachiwa ndoa, talaka na mirathi. Makosa ya jinai yakawa ya Mzungu. Kwa namna hiyo, jambo ambalo wazee wa mtaa walikuwa wakilisitiri au kulikemea nyumbani likawa kosa la jela, kwa maneno yaliyoandikwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki.

Watu wa Kilifi hawakuupokea utawala huo kwa makofi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasilipe kodi wala kutoa vijana wa kazi za serikali. Alikamatwa na kupelekwa mbali, akatoroka, akarudi kwao. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti, wakachoma nyumba na kutoza faini ya mbuzi. Leo Mekatilili ni shujaa wa taifa, na ni haki yake. Inafaa kukumbuka kwamba sheria ya jinai ya serikali aliyoipinga ndiyo hiyo yenye kifungu cha 377.

Walowezi Wazungu wa bara walilalamika miaka mingi kwamba wao, Waingereza, wanahukumiwa kwa sheria za India. Mwaka 1930 zikabadilishwa. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa Kanuni mpya za Adhabu zilizofuata mfano wa Queensland, Australia, ulioandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa mwaka 1899. Kifungu cha 377 kikazaa vifungu vitatu. Cha 162 kikaweka kifungo cha miaka 14 kwa tendo la kinyume cha maumbile, na kikamtia hatiani hata mwanamume aliyeridhia kutendewa. Cha 163 kikaadhibu jaribio. Cha 165 kikaadhibu wanaume wawili kwa lolote lililohesabiwa kuwa aibu kubwa kati yao, hadharani au faraghani, kwa miaka 5.

Uingereza yenyewe ilifuta adhabu kwa wanaume wazima walioridhiana mwaka 1967, kwa kuanzia na England na Wales. Queensland, ulikotoka mfano wetu, ilifuta mwaka 1990. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Sultani akauachia ukanda wa maili 10, bendera zikashushwa, na vifungu vya 162 na 165 vikabaki vilevile.

Wahindi wa mwambao na kimya cha nyumbani

Jumuiya za asili ya Asia Kusini zilizokuja na njia hiyohiyo ya bahari, Mabohora, Maismailia, Wabadala, Wahindu na Magoa, zilijenga maduka, misikiti na mahekalu kutoka Mombasa hadi Lamu. Zilikuja pia na kumbukumbu ya kwao. Bara Hindi lilikuwa na hijra, watu wasiohesabiwa wanaume wala wanawake, waliocheza harusini na kubariki watoto wachanga. Waingereza waliwatungia sheria mwaka 1871, wakawaandikisha kwenye daftari la polisi pamoja na makabila yaliyoitwa ya wahalifu. Jicho la polisi lililoitazama jamii ya Wahindi ndilo lililokuja kuitazama jamii ya Waswahili.

Katika nyumba za Waasia wa Afrika Mashariki, kama katika nyumba za Waswahili na Wamijikenda, ndoa ilikuwa jambo la ukoo na jumuiya. Kijana aliyejijua kuwa tofauti alioa, au alisafiri. Anayejulikana zaidi ya wote alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi kutoka Gujarat. Jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Alisomeshwa Panchgani, India, akarudi Unguja, na baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikakimbilia Uingereza. Huko akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, aliyewapenda wanaume na wanawake. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na Ukimwi, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu ugonjwa wake. Mwaka 2006, yalipoandaliwa mjini Zanzibar maadhimisho ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kilipinga na sherehe ikavunjwa. Miaka miwili kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa imepitisha sheria ya kuwafunga wapenzi wa jinsia moja.

Mwaka huohuo aliofariki Mercury, Pratibha Parmar, mwanamke wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1955 na kuhamia Uingereza akiwa mtoto, alitoa filamu yake Khush, iliyowapa nafasi Waasia Kusini wapenzi wa jinsia moja kujieleza wenyewe mbele ya kamera. Mtoto wa Zanzibar na mtoto wa Nairobi walipata sauti walipokuwa mbali na walikozaliwa. Waliobaki nyumbani, Mombasa, Kilifi na Malindi, wa kila rangi na kila dini, walibaki na kimya. Na kimya kina gharama yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtwapa, Februari 2010

Mtwapa iko upande wa kaskazini wa Hori la Mtwapa, katika barabara iendayo Kilifi na Malindi. Kwa miaka mingi imekuwa mji wa vyumba vya kupanga, baa na klabu za usiku, mji unaopokea wageni kutoka kila pembe ya nchi bila kuwauliza wanatoka kwa nani. Vijana waliofukuzwa makwao kwa sababu ya mapenzi yao walipata pa kulala Mtwapa.

Mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambayo kituo chake cha Kilifi kilianza mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza, ilianza kuwapokea katika kliniki yake ya Mtwapa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Kabla ya hapo, mipango ya Ukimwi nchini iliendeshwa kana kwamba watu hao hawapo. Matokeo yalitoka mwaka 2007 na yalitisha. Kati ya wanaume 285 waliopimwa, asilimia 43 ya waliofanya mapenzi na wanaume pekee walikuwa na virusi vya Ukimwi. Kwa waliofanya na wanaume na pia wanawake, ilikuwa asilimia 12.3. Kundi hilo la pili lilikuwa na wake na wapenzi wa kike. Maradhi yaliyofichwa katika chumba kimoja yalikuwa yakipita hadi chumba kingine, na hapakuwa na daktari aliyeuliza.

Kliniki ikawa mahali pa nadra: mtu angeweza kusema ukweli wa mwili wake akapewa dawa bila kutukanwa. Nako huko ndiko hatari ilikomfuata.

Mwanzoni mwa Februari 2010 ulienea uvumi kwamba wanaume wawili wangefunga ndoa Mtwapa. Nchi ilikuwa ikijadili rasimu ya katiba mpya, na katika nchi jirani ya Uganda bunge lilikuwa na mswada mkali dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Redio zikaudaka uvumi huo, mimbari zikaurudia. Tarehe 11 Februari viongozi wa eneo hilo kutoka Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya na Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya walikaa pamoja mbele ya waandishi wa habari, wakalaani ushoga Mtwapa na kutaka huduma za kliniki ya KEMRI zichunguzwe. Siku iliyofuata, Ijumaa, umati wa watu 200 hadi 300 ukaizingira kliniki. Walishika fimbo na silaha nyingine. Polisi waliwaondoa watu kadhaa na kuwapeleka kituoni, baadhi kwa kuwaokoa. Siku zilizofuata wanaume wengine walikamatwa na raia na kupigwa, na mmoja alinusurika kuchomwa moto.

Harusi haikuonekana. Waliokamatwa waliachiliwa bila kushtakiwa. Lakini waliokuwa wakitumia dawa walipotea. Wengine walihama Mtwapa usiku, wakaacha nyuma nguo, kazi na tarehe za kliniki. Mtu wa kwanza kuumia pale dawa inapokatizwa ni mgonjwa mwenyewe, na baada yake ni kila anayelala naye, mwanamume au mwanamke.

Wapo watakaosema hasira ile ilikuwa na chanzo cha haki. Ni kweli kwamba pwani hii imeumizwa na biashara ya ngono. Mwaka 2006 serikali na UNICEF walichapisha utafiti kuhusu Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale, wakakadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kingono na watalii na wenyeji. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, inayomlinda kila mtoto, wa kike na wa kiume, bila kujali jinsia ya anayemdhulumu. Sheria hiyo ndiyo ngao ya watoto wetu. Watu wazima wawili waliopendana kwa hiari hawakumdhulumu mtoto, na kumpiga mmoja wao barabarani hakumwokoi mtoto hata mmoja.

Waliorudi kuzungumza

Baada ya ghasia, kazi ilianza tena polepole, kwa njia tofauti. Watafiti wa Kilifi walitambua kwamba kliniki haiwezi kudumu mahali ambapo jirani hajui inafanya nini. Wahudumu wa afya 74 kutoka vituo 49 vya pwani walipewa mafunzo ya kuwahudumia wanaume hao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya miezi mitatu ujuzi wao ulikuwa umepanda na chuki ilikuwa imepungua. Iliyopungua zaidi ilikuwa ya wale walioanza wakiwa na chuki kubwa. Baadaye wakafuatwa maimamu, wachungaji na mapadri. Waliketi na vijana waliowahi kuwalaani, wakasikiliza. Hawakutakiwa kuibadilisha imani yao. Waliulizwa kama imani hiyo inaruhusu mtu afe kwa kuogopa kwenda hospitali.

Nao wapenzi wa jinsia moja wenyewe wakajipanga. PEMA Kenya ilikuwa imeundwa Mombasa mwaka 2008, na baadaye vikundi vikazaliwa Malindi, Kilifi na Mtwapa: vya kumsindikiza mtu kliniki, kumtafutia chumba aliyefukuzwa, kumpigia simu wakili usiku wa manane. Septemba 2015 PEMA Kenya na Human Rights Watch walitoa ripoti ya pamoja kuhusu mashambulizi katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Ilieleza habari za watu waliopigwa na umati, waliobakwa, waliotozwa fedha kwa vitisho, na waliokwenda polisi wakageuzwa washukiwa. Ilieleza pia askari waliotimiza wajibu wao na kuokoa roho za watu.

Mwaka huohuo wa 2015, wanaume wawili walikamatwa Kwale. Hakimu aliamuru wapimwe kwa lazima sehemu za siri katika hospitali kuu ya Mombasa ili kupatikane ushahidi wa kifungu cha 162. Mahakama Kuu ya Mombasa ilihalalisha kipimo hicho Juni 2016. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa, majaji Alnashir Visram, Wanjiru Karanja na Martha Koome, ikaubatilisha uamuzi huo na kusema kwamba utu wa watu hao ulivunjwa. Tangu siku hiyo askari au daktari wa Malindi hana ruhusa ya kuutumia mwili wa mtu namna hiyo.

Calcutta yajifuta, Nairobi yasita

India ilikuwa imepigana na kifungu chake kwa muda mrefu. Mahakama Kuu ya Delhi ilikipunguza makali tarehe 2 Julai 2009. Mahakama ya Upeo ikakirudisha Desemba 2013. Mwezi Aprili 2014 mahakama hiyohiyo iliwatambua hijra na wenzao kuwa jinsia ya tatu yenye haki kamili. Kisha, tarehe 6 Septemba 2018, majaji watano wa Mahakama ya Upeo waliamua kwa kauli moja kwamba kifungu cha 377 hakiwezi tena kuwaadhibu watu wazima walioridhiana. Jaji Indu Malhotra aliandika kwamba historia inawadai watu hao radhi.

Habari hizo zilifika Nairobi kesi kama hiyo ikiwa mahakamani. Eric Gitari, mwanzilishi wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Mashoga na Wasagaji, alikuwa amefungua kesi mwaka 2016 na wenzake kupinga vifungu vya 162 na 165. Majaji waliwaruhusu mawakili kuwasilisha hoja juu ya hukumu ya India. Kwa mara ya kwanza ilitazamiwa kwamba sheria iliyokuja kwa njia ya bahari ingeondoka kwa njia hiyohiyo.

Haikuondoka. Tarehe 24 Mei 2019 majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo walikataa ombi hilo. Walisema vifungu hivyo havimlengi mtu kwa hali yake, na wakategemea ibara ya 45 ya Katiba ya 2010, inayosema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti. Walioshtaki walikuwa wamesema mahakamani kwamba hawaombi ndoa. Waliomba wasifungwe. Rufaa ikakatwa.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Upeo ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba tume ya Gitari ina haki ya kusajiliwa kama shirika lolote. Uamuzi huo uligusa haki ya kukusanyika tu, lakini ulizusha hasira nchi nzima. Rais William Ruto alisema mila na dini zetu haziruhusu jambo hilo. Mbunge Peter Kaluma akaandaa mswada wa adhabu kali zaidi. Mwezi Septemba mwaka huo waandamanaji walijaa barabara za Mombasa.

Hukumu ya historia hii

Sina shaka kwamba waumini wengi wa Kilifi na Malindi wataendelea kuamini kwamba mapenzi ya namna hiyo ni dhambi. Ni haki yao, na Katiba inailinda. Lakini mwenye imani hiyo hahitaji kifungu cha Macaulay ili aswali, wala kifungu cha Griffith ili aende kanisani. Dhambi ina hakimu wake. Sheria ya jinai imewekwa kwa ajili ya anayemdhuru mwenzake, na katika miaka zaidi ya 120 tangu vifungu hivi vifike mwambao, waliodhurika ni wale wanaoadhibiwa navyo.

Wala si kweli kwamba kuviacha ni kuiga Uzungu. Uzungu ndio uliovileta. Anayetaka kurudi katika mila za pwani na arudi kwenye mila ya kusitiri, ya kumpa mgeni pa kulala, ya mzazi kutomtupa mtoto wake hata akimkosea vipi. Mila hizo hazina umati wenye fimbo ndani yake.

Yapo mambo ambayo hayangoji mahakama wala Bunge. Imamu na mchungaji wanaweza kusema wazi mimbarini kwamba kumpiga mtu ni haramu na ni kosa la jinai, awe nani awaye. Kamanda wa polisi anaweza kupokea malalamiko ya aliyepigwa bila kumuuliza amelala na nani. Muuguzi anaweza kufunga mlango, akasikiliza, akatoa dawa. Mzazi anaweza kumfungulia mlango mwanawe. Na wewe msomaji, siku utakaposikia tena uvumi wa harusi, na watu wakaanza kukusanyika njiani, usiende nao. Ukiweza, simama mbele yao uwaambie warudi makwao, kwa kuwa wanayemtafuta ni mtoto wa mtu, amezaliwa hapa, na haki ya kuishi hapa ni yake kama ilivyo yako.